Mtihani wa taifa wa shule ya msingi: unapima nini hasa, na mtoto anaandaliwa vipi

Kila matokeo yakitoka maswali ni yaleyale. Mzazi kashika karatasi, anaona namba, hajui afurahi au anune. Mmoja anauliza, mwanangu kapata 98, hiyo si ni asilimia tisini na nane? Mwingine anasema wa kwangu shuleni huwa wa tatu kila muhula, imekuwaje huku kaonekana wa kawaida tu? Na kabla ya kufika hapo kuna ile miezi ya maandalizi ambayo tunaijua wote, tuisheni asubuhi, tuisheni jioni, mapepa ya nyuma yamejaa mezani, mtoto macho mekundu, na nyumba nzima hakuna mwenye uhakika kama hayo yote yanamjenga au yanamchosha bure.

Nimekaa na watoto wengi kwenye meza ya homuweki, na kwa nilivyoona mkanganyiko uko sehemu mbili. Hatujui mtihani wenyewe unapima nini, na hatujui kichwa cha mtoto kinashika vitu kwa njia gani. Hizo mbili ndo nataka tuzifungue hapa, taratibu, tukianza na ile rahisi.

Mtihani wa taifa ninaousema hapa ni mtihani wa mwisho wa ngazi. Ngazi ni fungu la miaka ya shule linalohesabiwa pamoja. Nchi moja inafunga ngazi baada ya miaka minne, nyingine sita, nyingine saba. Mtihani wa mwisho wa ngazi ni ule unaokuja fungu likiisha, na sifa yake kubwa ni kwamba unatungwa nje ya shule, unafanywa na wote, na unasahihishwa kwa vigezo vilevile kwa wote. Mwalimu wako wa darasa anapotoa jaribio la Ijumaa anauliza kitu kingine kabisa, anauliza wiki hii tumeelewana au hatujaelewana? Walimu wana majina ya hivi vitu viwili, hilo jaribio la mwalimu ni upimaji endelevu na ule wa mwisho ni upimaji tamati. Fikiria fundi anajenga ukuta. Kila akipanda matofali machache anaweka pima maji aone kama ukuta umenyooka, akiona umeinama anabomoa palepale anapanga upya. Huo ndo upimaji endelevu. Nyumba ikiisha anakuja mkaguzi, anaangalia, anaandika ripoti. Mkaguzi hanyooshi ukuta. Sasa wengi wetu kwenye maandalizi tunafanya kitu cha ajabu, tunamletea fundi wakaguzi kila wiki, yaani mitihani ya majaribio, moko ya kwanza, moko ya pili, moko ya kata, moko ya wilaya, alafu pima maji hatuitumii hata mara moja.

Turudi kwa yule wa 98. Namba ya mtihani haina maana mpaka ujue inatoka kwenye mizani gani. Uingereza watoto wa mwaka wa sita, wana miaka 10 au 11, wanafanya mitihani ya taifa kila mwezi Mei, kusoma, sarufi na tahajia, na hesabu. Matokeo yao yanatolewa kwa mizani ya kuanzia 80 mpaka 120, na 100 ndo kiwango kinachotarajiwa. Kwa hiyo mtoto wa 98 kule hajapata karibu zote, yuko chini kidogo ya mstari. Kwa nini wasitoe alama kama zilivyo? Kwa sababu mapepa ya mwaka huu na ya mwaka jana hayalingani ugumu hata mtungaji ajitahidi vipi. Ni kama watu wawili waliokimbia kilomita tano, mmoja kwenye tambarare mmoja kwenye mlima, ukitazama dakika peke yake unamdhulumu wa mlimani, inabidi upige hesabu ya njia kwanza ndo ulinganishe.

Singapore ndo kabisa usipoambiwa unachanganyikiwa. Mpaka kabla ya 2021 alama za mtihani wao wa kumaliza msingi zilipangwa kwa kumlinganisha mtoto na wenzake wa mwaka ule. Kuanzia 2021 kila somo linapewa daraja kutoka 1 mpaka 8, 1 ndo bora, masomo ni manne, unajumlisha. Aliyefanya vizuri kuliko wote anapata 4 na wa mwisho kabisa anapata 32. Huko mzazi anaomba namba iwe ndogo! Tanzania mtihani wa darasa la saba una masomo sita, kila somo alama 50, jumla 300, kwa hiyo 150 sio "nusu kapita nusu kafeli", ni daraja C. Kenya walikuwa na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, tangu 1985 mpaka ulipofanywa mara ya mwisho 2023, na miaka yake ya mwisho jumla ilikuwa alama 500, na mzazi aliyekulia kwenye 500 sasa analetewa tathmini ya gredi ya sita ambayo peke yake haimpeleki mtoto popote, inaingia kama asilimia 20 tu kwenye hesabu ya kwenda sekondari ya juu, nyingine 20 zinatoka kwenye tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane, na 60 ni mtihani wa gredi ya tisa. Ndo maana hata watu wazima wenye akili zao wanabishana kwenye daladala kuhusu namba moja na kila mtu yuko sahihi kwa mizani aliyoizoea.

Kitu cha kuchukua hapo ni tofauti ya nafasi na kiwango. Nafasi inakwambia mtoto yuko wa ngapi kati ya waliokaa naye. Kiwango kinakwambia anaweza kufanya nini. Mtoto wa tatu kwenye darasa dhaifu anaweza kuwa hajui kugawanya, na wa ishirini na tano kwenye darasa kali anaweza kuwa vizuri kabisa. Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza matokeo Januari 2023 liliacha kutaja zile kumi bora, na mimi binafsi nilifurahi, maana kumi bora ilikuwa inafundisha watu wazima kuuliza swali lisilo na faida kwa mtoto. Swali la faida ni moja tu, kipi anakijua na kipi bado.

Kijiko na chungu

Sasa hapa ndo pagumu kidogo, naomba tuende polepole. Mtihani hauwezi kuuliza kila kitu. Miaka sita ya hesabu ukitaka kuiuliza yote mtoto atakaa kwenye chumba mwezi mzima. Kwa hiyo mtungaji anachota kidogo. Ni kama mpishi anayeonja mchuzi kwa kijiko, chungu ni kikubwa, kijiko ni kidogo, lakini akishakoroga vizuri kile kijiko kinamwambia habari za chungu kizima. Mtihani ni kijiko. Hatupendi kijiko kwa ajili ya kijiko, tunataka kujua chungu.

Sasa fikiria mtu kajua kwamba mpishi mkuu atakuja kuonja, akaamua kutia chumvi kwenye kijiko tu. Mpishi ataonja, atasema safi, chungu kikienda mezani watu watakula chakula hakina chumvi. Ndivyo inavyokuwa mtoto akikaririshwa majibu ya mapepa ya nyuma, akakisiwa maswali, akaambiwa hii mada haijatoka miaka mitatu basi mwaka huu inatoka, hii ilitoka mwaka jana basi achana nayo. Anaweza kupata alama. Lakini muhula wa kwanza wa ngazi inayofuata mwalimu mpya anaanza na kitu kinachokaa juu ya kile alichoruka, na hapo hakuna kijiko tena, ni chungu chenyewe kiko mezani. Sisemi haya kuwalaumu walimu, mwalimu akipimwa kwa alama tu atafukuza alama, yeyote angefanya hivyo. Nasema ili mzazi ajue kwamba alama nzuri na kujua ni vitu viwili vinavyotembea pamoja siku nyingi lakini sio siku zote.

"Mama, nimesoma yote"

Kuna kitu nimekiona mara nyingi mno. Mtoto anakaa na daftari la sayansi saa nzima. Anasoma, anapiga mistari ya rangi, anafunua ukurasa. Anakuja, mama nimesoma yote. Mama anamwambia haya mwanangu, funga daftari, niambie maji yanakuwaje mvuke. Kimya. "Nilikuwa naikumbuka sasa hivi!" Na hasemi uongo. Alikuwa anaitambua. Kutambua na kukumbuka ni vitu viwili tofauti, kama vile mtu unayekutana naye barabarani, sura unaijua kabisa lakini jina ukiulizwa huna. Daftari likiwa wazi kila kitu kinaonekana cha kawaida, kichwa kinasema hii naijua, naijua, naijua. Kwenye mtihani daftari halipo.

Mwaka 2006 watafiti wawili Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo habari fupi za kusoma. Habari nyingine waliisoma mara mbili, nyingine waliisoma mara moja alafu wakaandika kwenye karatasi tupu yote wanayoyakumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano, kusoma mara mbili kulionekana bora, walikumbuka kama asilimia 81 dhidi ya 75. Ukiishia hapo utasema kumbe kurudia kusoma kunalipa. Lakini walipopimwa baada ya wiki, kusoma mara mbili kulikuwa kumeshuka mpaka 42, na kule kujaribu kukumbuka kulikuwa kumebaki na 56. Ndo maana mtoto anakudanganya bila kujua, jioni ile ile ukimuuliza anajua, wiki ijayo hana.

Hao walikuwa watu wa chuo, ila jambo hilohilo limejaribiwa madarasani na watoto wadogo na linafanya kazi. Na halihitaji hela wala vifaa. Funga daftari, niambie. Ukikosea fungua, angalia, funga tena, niambie. Kitendo cha kuhangaika kutafuta jibu kichwani ndo kinachokaza fundo, hata kama mwanzoni anakosa. Mzazi ambaye hakusoma sana anaweza kufanya hii vizuri tu, huna haja ya kujua jibu, daftari linalijua, wewe kazi yako ni kulifunika.

La pili ni muda kati ya kujifunza na kurudia. Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa miaka akikariri silabi zisizo na maana, akatoa kitabu chake 1885. Aliona kwamba tunasahau kwa kasi sana mwanzoni alafu kasi inapungua, na kila ukijifunza upya kitu ulichokisahau kinaingia kwa muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Maana yake dakika 20 leo, 20 keshokutwa na 20 wiki ijayo zinazaa kuliko saa nzima ya leo. Saa ni ileile, mavuno tofauti. Ni kama kumwagilia mche, ndoo saba siku moja maji yanatiririka yanaondoka, ndoo moja kila siku mizizi inakunywa.

Njia rahisi ya kufanya hivyo nyumbani ni vikaratasi. Kata karatasi, upande mmoja swali, upande wa pili jibu. Tafuta maboksi matatu, hata ya viatu. Vikaratasi vyote vinaanza boksi la kwanza, hilo linafunguliwa kila siku. Akipata, kikaratasi kinahamia boksi la pili linalofunguliwa baada ya siku tatu, akipata tena kinaenda la tatu, la mara moja kwa wiki. Akikosa popote kinarudi la kwanza. Hakuna kumgombeza, kikaratasi ndo kinachorudi nyuma, sio mtoto. Watoto wa miaka tisa kumi wanaipenda sana hii, wanaona kwa macho boksi la tatu linavyojaa.

La tatu linawashangaza hata walimu. Tumezoea siku ya sehemu, zile za nusu na robo, ni sehemu tu, maswali thelathini, siku ya eneo ni eneo tu, thelathini. Mtoto anapata 28 kati ya 30 wote tunafurahi. Mwaka 2007 Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwafundisha wanafunzi kutafuta ujazo wa maumbo manne, kundi moja likafanya umbo moja mpaka liishe ndo linaingia lingine, kundi la pili likachanganyiwa. Wakati wa mazoezi wale wa kupanga walipata asilimia 89, wale wa kuchanganya 60 tu. Wiki iliyofuata kwenye mtihani waliofanya kwa kupanga walipata 20, waliochanganya 63. Sababu yake ukiifikiria ni ya kawaida tu. Ukifanya maswali thelathini ya eneo hujifunzi kutambua kwamba hili ni swali la eneo, umeshaambiwa juu ya ukurasa! Mtihani haukuambii. Swali la kwanza la mtihani kila mara ni "hii ni ya aina gani", na hilo ndo swali ambalo hatuwafanyishi mazoezi kabisa. Kwa hiyo mada ikishaeleweka, changanya. Na alama zikishuka wakati wa kuchanganya usikimbilie kumtafutia mwalimu mwingine, hiyo ndo kazi inafanyika.

Kosa linazungumza

Nitoe mfano mmoja nilioukuta mezani. Mtoto alikuwa na hesabu hii, 402 toa 178. Akaandika 376. Nikampa nyingine, 503 toa 267, akaandika 364. Baba yake akasema huyu hesabu hana, hajatulia, mpe hamsini afanye. Sasa tazama vizuri yale majibu. Nane na mbili, kaandika sita. Saba na sifuri, kaandika saba. Nne na moja, tatu. Kila safu anachukua ndogo anaitoa kwenye kubwa, bila kujali ipi iko juu. Huyu mtoto katulia kabisa! Ana kanuni yake, anaifuata kwa uaminifu bila kukosea hata mara moja, ila kanuni yenyewe ni mbovu. Ukimpa hamsini atafanya hamsini kwa kanuni hiyohiyo na atazidi kuikaza.

Nilimuuliza kitu kimoja tu, ukiwa na 402 ukatoa 178, ukishamaliza ukijumlisha jibu na 178 utapata ngapi? Akajumlisha 376 na 178, ikaja 554. Akatazama karatasi muda mrefu. "Imezidi." Hapo ndo tukatoa njiti za kuhesabia, mafungu ya mia, ya kumi na moja moja, akaona mwenyewe kwamba juu kuna mbili tu, nane haitoki mpaka ufungue fungu, na mafungu ya kumi hayapo kwa hiyo inabidi ufungue la mia kwanza. Ilituchukua kama nusu saa, hesabu moja. Jibu ni 224. Nusu saa ile ilifanya kazi ambayo mapepa kumi yasingefanya.

Ndo maana nasema pepa lililosahihishwa lina thamani kuliko pepa jipya. Makosa ya watoto yanagawanyika. Kuna kosa la kutojua, hajafundishwa au hakuelewa. Kuna kosa la kanuni mbovu kama hilo. Kuna kosa la haraka, anajua ila kaandika 6 badala ya 9. Na kuna kosa la kutosoma swali, ambalo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Swali linasema toa sababu mbili, anatoa moja ndefu nzuri imejaa mistari mitano, anapata nusu ya alama. Swali linasema linganisha, yeye anaeleza kitu kimoja tu. Linasema kwa mujibu wa habari uliyosoma, yeye anajibu kwa mujibu wa anavyoishi nyumbani. Kila aina ina dawa yake, na "fanya tena" sio dawa ya yoyote kati ya hizo. Kaa naye kwenye makosa, muulize ulifikaje hapa? Muulize kwa sauti ya kutaka kujua kweli, sio ile ya polisi.

Ufahamu wa kusoma haunolewi kwa mapepa peke yake

Hapa naomba nikae kidogo maana watu wengi wanapoteza hela hapa. Mtoto akifeli ufahamu, anapelekwa tuisheni ya ufahamu, anapewa habari na maswali, habari na maswali, miezi sita. Anaboreka kidogo alafu anagota. Mwaka 1988 Donna Recht na Lauren Leslie walichukua wanafunzi wa Marekani wakawapa habari kuhusu mchezo wa besiboli. Wapo waliokuwa wasomaji hodari wasiojua besiboli, na wapo wasomaji dhaifu wanaoijua sana. Wale dhaifu wanaoujua mchezo walikumbuka na kueleza habari ile vizuri kuliko wale hodari wasioujua. Kumbe kusoma sio msuli mmoja unaoukuza popote. Unaelewa unachosoma kwa kuegemea unachokijua tayari.

Kwa hiyo mtoto anayejua habari za mito, wadudu, mwezi unavyozunguka, bei zinavyopanda na kushuka, watu wa zamani waliishije, huyo ana vigingi vingi vya kutundikia habari mpya. Msomee kwa sauti hata kama ni mkubwa, ongea naye kwa sentensi ndefu, jibu "kwa nini" zake hata ya kumi. Neno gumu likija usimkatize na kamusi kila mara, mwambie maana kwa maneno yako muendelee. Haya hayaonekani kama maandalizi ya mtihani na ndo maana yanaachwa, yanahitaji miaka na sio wiki.

Vivyo hivyo jedwali la kuzidisha. Kuna watu wanasema kukariri ni ushamba, mtoto aelewe tu. Mimi nadhani tunapinganisha vitu visivyopingana. Kichwa tunachofikiria nacho ni kama meza ndogo, inabeba vitu vichache kwa wakati mmoja. Mtoto anayetafuta saba mara nane kwa vidole kaijaza meza yote, swali lenyewe la maneno limeanguka chini. Anayejua ni 56 meza yake iko wazi. Aelewe kwanza kwa nini ni 56, alafu aijue kama anavyojua jina lake.

Maneno yanayozunguka mitaani

Kwamba kuna mtoto wa kusoma kwa macho, wa kusikia, na wa kugusa, na kila mmoja afundishwe kwa mtindo wake. Hii iko kila mahali na inasikika vizuri sana, ila Harold Pashler na wenzake walipopitia ushahidi mwaka 2008 hawakuona wa kutosha kuonyesha kwamba mtoto akifundishwa kwa "mtindo wake" anajifunza zaidi. Mfundishe ramani kwa macho na wimbo kwa masikio, kwa kuwa ndivyo vitu vyenyewe vilivyo.

Kwamba masaa mengi ndo bidii. Madaktari wa usingizi wa Marekani mwaka 2016 walipendekeza mtoto wa miaka 6 mpaka 12 alale masaa 9 mpaka 12 kwa siku. Ukimlaza saa tano usiku ukamwamsha saa kumi alfajiri umempa matano. Na usingizi sio muda uliopotea, ndo wakati ubongo unapanga yale ya mchana. Ukimnyima usingizi ili asome, unamnyima kusoma kwenyewe.

Kwamba swali usilolijua liache. Ulizia sheria ya mtihani wa kwenu kwanza, ila kama jibu baya halikatwi alama, maswali ya kuchagua hayaachwi wazi hata moja. Akishayaondoa majibu mawili anayojua si yenyewe, kubahatisha kati ya yaliyobaki ni haki yake.

Na mapepa ya nyuma je? Yana nafasi yake, nayaheshimu. Yanamzoesha mtoto sura ya karatasi, muda, namna maswali yanavyoulizwa, kusonga mbele akikwama na kurudi baadaye. Kazi hiyo inatosha wiki sita nane za mwisho, pepa moja kwa wiki na siku mbili za kukaa kwenye makosa yake. Ukianza mwaka mzima kabla, unaonja chungu ambacho bado hakijapikwa.

Hofu

Hofu kidogo ni sawa, inaamsha. Ikizidi inakaa kwenye ile meza ndogo niliyoisema, inachukua nafasi ya kufikiria, mtoto anasoma swali mara nne haliingii. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock walionyesha kwamba wanafunzi wenye wasiwasi wakiandika kwa dakika kumi kuhusu wasiwasi wao kabla tu ya mtihani, wanafanya vizuri zaidi. Walikuwa wakubwa kidogo kuliko wa msingi, lakini wazo lake unaweza kulitumia nyumbani, mwache aseme anaogopa nini, aseme yote, usimkatishe na "acha woga wewe". Mara nyingi kinachotoka sio mtihani. Ni "baba atasema nini". Au "mtanihamisha shule". Kuna mmoja aliniambia anaogopa kwamba hela za tuisheni zitakuwa zimepotea kwa sababu yake, miaka kumi na moja, kabeba bajeti ya nyumba nzima mgongoni anaingia nayo kwenye chumba cha mtihani. Tuangalie tunachoongea mbele yao.

Wiki ya mwisho usianzishe mada mpya. Pitieni boksi la vikaratasi, pepa fupi moja, alale mapema, acheze. Usiku wa mwisho panga kalamu mbili, penseli iliyochongwa, rula, kifutio, nguo, alafu funga madaftari kabisa. Asubuhi ale chakula alichokizoea. Akitoka usimpokee getini na swali la saba ulijibu nini, maana kesho kuna pepa lingine na kichwa kitabaki kwenye la leo. Muulize kama ana njaa.